Walatino wa Khuwair

Mwaka wa uchaguzi, mwanamume mzima, mwenye ndevu za mvi, joho la bushti begani na jambia kiunoni, alisimama mlangoni petu akanipa shikamoo. Mimi! Nimevaa soksi za katuni, chingamu shavuni. Nami nikaitikia.

Ila nikianzia hapo Baba hatasoma mpaka mwisho, na habari hii kwa kweli si ya shikamoo. Ni ya ngazi.

Tunakaa Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, Omani, kwenye jengo lenye lifti mvivu. Ukiiita, inatafakari kwanza kama unastahili. Mtaani kwetu nyumba za watu waliorudi kutoka Unguja, Pemba na bara ni nyingi, na huhitaji kuuliza zipi. Pita mlangoni saa ya chakula. Ukisikia nazi, ndani wanasema Kiswahili. Ukisikia nazi na ugomvi, ndani yumo Bibi yangu na Bibi wa Tabora.

Bibi wa Tabora si bibi yangu wa damu. Ni jirani wa ghorofa ya chini, amezaliwa Tabora kama Bibi alivyozaliwa Unguja, na wote wawili wamekuja Maskati kabla Baba hajaota jino. Tangu hapo wanagombana. Bibi anasema watu wa bara hawajui kupika maharage. Bibi wa Tabora anasema watu wa Unguja hawajui kupika chochote bila kukizamisha kwenye tui kama wanakibatiza. Wakishatukanana vya kutosha wanakunywa chai pamoja, na chai hiyo huwa kila Jumanne, wakiwa na wenzao wa mtaani, kila mmoja na sahani yake na ulimi wake.

Sasa ngazi.

Mume wa Bibi wa Tabora alipofariki, wanaume walikaa msibani kwenye sabla. Sabla ni ukumbi wa mtaa: mazulia, mito, kiyoyozi cha kugandisha masikio, birika za kahawa zimejipanga kama askari. Wanawake walikaa nyumbani kwa marehemu. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na sebule ndogo. Sebule ikajaa, vyumba vikajaa, ukumbi wa kuingilia ukajaa, wageni wakazidi kuja. Mwisho wanawake wakakaa kwenye ngazi za jengo, mmoja mmoja kila kidato, Yasini mkononi, kutoka mlangoni kwa marehemu mpaka karibu na kwetu juu. Na ilikuwa kiangazi. Nakumbuka mabuibui yamewaganda mgongoni. Nakumbuka Bibi amekaa palepale mbele ya lifti, kwa sababu magoti yake yalikataa kupanda zaidi, na kila lifti ilipofunguka mtu alitoka na mifuko ya dukani, akashtuka, akapita juu ya miguu ya wafiwa akiomba radhi kwa lugha yake.

Mara moja ikafunguka akatoka kijana wa piza. Boksi tatu. Akaona kanga, machozi na misahafu. Akavua kofia, akasimama vile vile na boksi zake mpaka dua ikaisha. Hata leo haijajulikana nani aliagiza piza siku ya msiba. Nimesingiziwa mimi, na nakanusha.

Jioni ile Bibi alivua viatu, akakaa kitandani, akasema, "Mimi hamtanililia kwenye ngazi."

Baba akasema, "Mama, maneno gani hayo? Umri wako bado mrefu."

"Sikukuuliza umri. Nnataka pahala. Mtu kaishi kwa heshima, kalea, kazika wenziwe, halafu yeye aje kuliliwa mlangoni mwa lifti na piza inapita?"

Na pahala palikuwepo. Ubavuni mwa sabla kuna chumba kikubwa chenye mlango wake wa pembeni. Kilikuwa kimefungwa, ndani viti vya plastiki vilivyovunjika na sufuria za biriani za arusi za zamani. Wanawake walikwishaomba kifunguliwe kiwe chao. Wazee wa sabla walijibu inshaallah, wakaendelea na kahawa.

Hapo ndipo anapoingia kaka yangu. Kaka anasoma Texas, na kazi yake kubwa huko, kadiri ninavyoelewa, ni kututumia sauti ndefu kwenye simu akiwa anakula. Siku moja alituma habari za uchaguzi wa huko. Alisema kuna watu wanaitwa Walatino, familia zilizotoka Meksiko na nchi za chini yake. Wengine wamehamia juzi na hawana kura, wengine wako pale tangu babu wa babu. Zamani wagombea waliwapita kama nguzo za taa. Sasa wamekuwa wengi, watoto wao wamezaliwa pale na kura wanazo, basi wagombea wanagombania kula vyakula vyao mbele ya kamera, na wanawahutubia kwa Kihispania kibovu mpaka mabibi wanaziba midomo wasicheke.

Nikaipiga sauti ile kwenye chai ya Jumanne. Wote wakanyamaza kusikiliza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Bibi wa Tabora akauliza, "Na wao wana pahala pa kulilia wafu wao?"

"Hakusema."

"Muulize."

Nikamuuliza. Kaka, maskini, alidhani nimerukwa na akili, lakini alimuuliza mwenzake wa darasani, Mlatino, akajibu: nyanya yake yule mwenzake anasali kwenye kanisa lenye ukumbi mkubwa, wenye jiko.

Bibi akaweka kikombe chini. "Umesikia? Lina jiko."

Toka siku hiyo jiko la Walatino likawa ushahidi wa kila kitu. Na mimi nikatangaza kwamba sisi ndio Walatino wa Khuwair, ila hatuna jiko. Jina likashika. Mpaka kundi lao la simu, lililokuwa likiitwa "Ukumbusho wa Adhkari", likabadilishwa jina. Sitasema na nani.

Ilikuwa miezi ya kampeni za Majlis ya Shura, yaani bunge la huku. Mabibi wakaanza kutazamana kwa jicho jipya. Huyu ana watoto wa kupiga kura, na wakwe. Yule ana wajukuu walioota ndevu. Yule mwingine akipiga kelele dirishani jengo zima linaitika. Hawakuwahi kukubaliana juu ya maharage, lakini siku ile walikubaliana: hakuna kutoa kauli kwa mgombea yeyote mpaka aseme habari ya chumba. Na kauli kwetu si mchezo. Bibi akishasema "nimekupa," hata akigundua umemdanganya atakupa, halafu atakusema mpaka kiama.

Baba akaumia roho, kwa sababu kulikuwa na mgombea wa kabila letu. Yeye alikwishatuhesabu. Alituma kwenye simu picha yake na bendera, chini imeandikwa sauti yako ni amana, basi.

"Ndugu yetu yule, Mama," Baba akasema.

"Mbona haji?"

"Ndugu hahitaji kubisha hodi."

"Asiyebisha hodi ni mwizi au paka," Bibi akasema.

Mgombea wa pili si ndugu wa mtu yeyote jengoni. Yeye alipiga simu, akasema kwa Kiarabu cha adabu kwamba angependa kuja kuwaamkia mama zetu wa Kiswahili nyumbani. Baba akakaa chini. Kumkaribisha mpinzani wa ndugu ni aibu, kumkataa mgeni ni aibu kubwa zaidi. Akachagua aibu ndogo, na mimi nikapewa kazi ya kufungua mlango, kwa masharti kwamba nisifungue mdomo.

Hodi ikapigwa. Nikafungua. Bwana mkubwa akaweka mkono kifuani, akainama kidogo, akasema kwa uangalifu kama mtu aliyebeba yai:

"Shikamoo."

Mimi ni mtoto niliyelelewa. Ukipewa shikamoo, unajibu.

"Marahaba," nikasema, kwa sauti nzito ya marehemu Babu. "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wazee hawajambo?"

Nyuma yangu Baba alitoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwa binadamu. Sebuleni Bibi wa Tabora akaanza, hi hi hi, Bibi akamfuata, mpaka meno yake ya bandia yakataka kumtoroka akayazuia kwa kanga. Mgeni akatazama huku na huku. Akauliza kwa Kiarabu amekosea nini. Dereva wake, mtu wa Mombasa, ndiye aliyemfundisha: ukiingia kwa Waswahili, sema shikamoo. Hakumwambia kwa nani.

Bibi akafuta machozi. "Umempa mjukuu wangu uzee wangu," akamwambia kwa Kiarabu. "Shikamoo, mwanangu, hupanda. Haishuki. Hebu toka nje, uanze upya."

"Mama!" Baba akalia.

Lakini mgeni alikwishageuka. Wallahi alitoka. Akafunga mlango nyuma yake, na tukasikia, kutoka nje, mtu mwenye bushti na jambia anabisha tena: hodi.

Safari hii alinipita, akaenda moja kwa moja kwa Bibi wa Tabora, aliye mkubwa kuliko wote. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu." Kwa Bibi: "Shikamoo." "Marahaba, umejua sasa." Halafu akanigeukia mimi, amefurahi kama mtoto aliyepata jibu ubaoni, na mimi kwa adabu zangu zote nikasema, "Shikamoo."

Akafungua mdomo. Akaweka tena mkono kifuani. Kumbe dereva alimfundisha kutoa tu, hakumfundisha kupokea. Mwanasiasa gani huyo, nikajiuliza, maana niliyosikia mimi ni kinyume chake.

"Sema marahaba," Bibi wa Tabora akamnong'oneza.

"Marahaba," akasema, na sote tukapumua.

Akatafuta pa kukaa. Mito ilikuwepo, halua ilikuwepo. Bibi akasimama, akashika fimbo yake.

"Kahawa yako iko nje," akasema.

Akatutoa sote. Nikatandika mkeka kwenye ngazi, mbele ya lifti. Bibi akamwonyesha kidato chake, palepale alipokaa yeye siku ya msiba, na mgeni akakaa, akakunja bushti mapajani. Nikamimina. Joto lilikuwa lile lile la siku ile. Mwanzoni alitabasamu, akidhani ni mzaha mwingine.

Bibi wa Tabora akakaa kidato cha juu yake. Hakuwa anacheka tena. "Hapa ndipo mume wangu alipoliliwa," akasema. "Dada yake alikaa hapo ulipoweka kiatu. Mwanamke aliyesoma naye alikaa kule kwenye kona, penye ndoo ya kusafishia. Mimi nilikuwa ndani, nasikia lifti. Kila ikilia, nadhani wamekuja kumchukua tena."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

Lifti ikafunguka. Jirani wa ghorofa ya nne, na galoni la maji begani. Akaona bushti, jambia, halua na mabibi wawili. Akasema salamu aleikum, akabonyeza kitufe, akarudi alikotoka. Nadhani alikwenda kungoja tupite.

Mgeni alinywa, akatikisa kikombe. Kila mtu Maskati anajua: ukitikisa, imetosha. Bibi akanifanyia ishara nimimine tena, kana kwamba yeye kaja Maskati jana. Akanywa, akatikisa. Nikamimina. Jasho lilikuwa limefika kwenye kilemba. Akatikisa mara nyingine, akamtazama Bibi kwa macho ya kuomba.

"Bado, mwanangu," Bibi akasema. "Msiba ni siku tatu."

Akanywa. Halafu akauliza chumba kiko wapi, na ufunguo uko kwa nani. Hakuna aliyejua ufunguo uko kwa nani. Akasema hawezi kuahidi chumba ambacho si chake, lakini akishinda au akishindwa, ufunguo ataufuata. Bibi akakichukua kikombe mkononi mwake.

"Nimekupa," akasema.

Baba aliegemea ukuta kama mtu aliyepigwa na jua.

Habari ya shikamoo ilifika Sidab, mwisho wa mji, kabla bwana yule hajafika kwenye gari lake. Ilienea kwa sauti za simu, na katika baadhi ya sauti hizo kuna mtu anaigiza "marahaba, mwanangu" vizuri mno. Wengine walisema bwana yule ametudhihaki. Wengi walisema mtu anayekubali kutoka nje na kubisha hodi upya, huyo mama yake alimlea.

Siku ya kura tulipiga kwa simu, yaani walipiga, maana mimi sijafika umri. Simu husoma kitambulisho, halafu inataka kuona uso. Bibi alijipaka wanja. Simu ikamkataa. Akavua miwani, ikamkataa. Akaitazama kwa hasira, akaiambia, "Mimi ndiye mimi, mtu mzima mie," na hapo ikamkubali, nadhani kwa hofu. Kisha akaniamuru nigeuke, kwa sababu kura ni siri. Nikageuka, naye akaisoma siri yote kwa sauti, jina na namba, hata Bibi wa Tabora akajibu kutoka ghorofa ya chini, "Na mimi huyo huyo!"

Bwana wetu akashindwa. Akashinda ndugu wa kabila.

Baba hakujua afurahi au ajifiche. Jumanne iliyofuata Bibi hakushuka kunywa chai, na Jumanne nyingine vile vile. Nilimpelekea vitumbua, nikamwigizia lifti, nikamwigizia hata Baba. Alitabasamu kwa ajili yangu tu, kama unavyomlipia mtoto peremende. Nilimkuta siku moja amefungua mlango wa nje, amesimama anaziangalia ngazi. Hakuwa ananung'unika. Alikuwa anaziangalia kama mtu anayeangalia nyumba aliyopangiwa. Nilirudi ndani kimya kimya, na usiamini mtu akikwambia mimi huwa kimya.

Nikamtumia kaka habari. Akajibu huku anatafuna: hata huku Walatino hushindwa, lakini aliyeshinda naye hukaa akafikiri kura zipi hakupata, maana uchaguzi mwingine unakuja. Nikaona ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Alasiri moja nimetoka skuli, lifti imekataa kama kawaida, nikapanda kwa miguu. Nikamkuta ndugu yetu wa kabila, mheshimiwa mwenyewe, amekaa kwenye kidato mbele ya lifti. Peke yake. Amekuja na mto wake wa kukalia.

Nikamsalimu, nikamuuliza kwa Kiarabu kama anaumwa.

Akasema haumwi. Anamsubiri Bibi. Amesikia kuwa sisi tuliotoka Afrika hupokea wageni wa heshima kwenye ngazi, naye hakutaka kuvunja mila zetu.

Nilishika ukuta. Nikafunga mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha nikasema, kwa uso wa imamu, kwamba ni kweli, mila ya zamani sana, na nikaingia ndani kumwita Bibi nikiwa nalia machozi.

Bibi akatoka. Akamwona, akauona na mto. Nilimwona anafikiri. Kisha akakaa kidato cha juu, taratibu, kwa heshima zote. "Karibu ngazini, mwanangu," akasema, na akaniagiza kahawa. Hakumsahihisha. Baba aliporudi kazini akakuta hali ile, akafungua mdomo, Bibi akamtazama, akaufunga.

Mheshimiwa akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

Yule bwana aliyeshindwa alikuwa ameufuata kama alivyosema. Aliuliza mlango kwa mlango mpaka akaukuta kwa mzee mmoja wa sabla, ambaye ni shemeji yake huyu aliyeshinda. Akamwendea mshindi, akamweleza ngazi, joto, na kile kidato cha kona penye ndoo. Na mshindi naye, nadhani, alikuwa amekaa akafikiri kura zipi hakupata.

"Ungekuja mapema ungekunywa moja tu," Bibi akamwambia, akanifanyia ishara nimimine ya pili.

Sufuria za biriani zikatolewa, viti vikatupwa, chumba kikapakwa rangi na kutiwa kiyoyozi. Siku ya kwanza kufunguliwa, mabibi walimsomea khitma mume wa Bibi wa Tabora, upya, kama vile amefariki wiki ile. Walikaa kwenye zulia, miguu wameinyoosha. Hakuna lifti iliyolia. Bibi wa Tabora alilia kwa raha zake, kwa sauti, mpaka akamaliza, kisha akauliza nani kapika maharage haya ya ovyo.

"Mimi," Bibi akasema.

"Nimejua kwa tui."

Walipoondoka wenzao, Bibi akazunguka chumba na fimbo yake akigawa nafasi za msiba wake mwenyewe. Bibi wa Tabora pale penye mto mkubwa. Mama yangu karibu na mlango wa jikoni, maana nimesahau kuwaambia: kuna jiko. Bibi alimlazimisha kaka awapelekee Walatino salamu na picha ya jiko hilo.

"Na wewe," akaniambia, akagonga fimbo kwenye kizingiti, "wewe hapa mlangoni. Anayeingia, mpokee kwa adabu. Anayetoka, mchekeshe. Sitaki mtu aende kwake na uso wa msiba, watoto wake wataogopa."

"Na nikilia mimi, Bibi?"

Akanitazama toka soksi mpaka juu.

"Mwite yule bwana," akasema, "aje akuamkie tena."